Kweli au Si Kweli: Nyenje, Funza na Tumbo la Kinyonga

Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka nyanda za juu za Kenya walishushwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, ili wauzwe kama wanyama wa kufugwa. Safari ilikuwa imewadhoofisha. Mwenye duka akawaachia kwenye bustani yake huko Kaneohe wapate nguvu. Nguvu wakazipata, kisha wakatokomea vichakani. Leo uzao wao umetapakaa katika visiwa kadhaa vya Hawaii, na wahifadhi wa mazingira wanawalalamikia kwa kumeza mpaka konokono wa miti wasiopatikana kwingine duniani.

Vinyonga hao hawakupimiwa chakula na mtu. Wakati huohuo, ndugu zao wengi waliotiwa vizimbani, penye taa, majani na nyenje wa kutosha, walikufa wakiwa na matumbo yaliyojaa. Tofauti hiyo inaeleza karibu yote yatakayofuata hapa. Mazungumzo ya kumlisha kinyonga wadudu hai yamejaa hofu ya meno ya mdudu. Swali la mdudu mwenyewe alikula nini, au alitembea juu ya nini kabla ya kumezwa, huja mwisho, kama linakuja kabisa.

Neno moja la sheria kwanza. Ukiwa Kenya au Tanzania, kinyonga wa kwenye ua wa jirani ni mnyamapori, na kumfuga bila kibali ni kosa. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na biashara ya kimataifa ya vinyonga inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Wanaofugwa kwa wingi Ulaya na Marekani siku hizi ni kinyonga wa Yemen, mwenye upanga kichwani, na yule wa Madagaska mwenye rangi za kila namna. Wengi wao wamezaliwa vizimbani, hawajawahi kuona kichaka.

"Funza akimezwa mzima, hutoboa tumbo la kinyonga akatoka."

SI KWELI. Anayesingiziwa ni funza wa mbawakawa, yule mwembamba wa rangi ya dhahabu anayefugwa ndani ya pumba, pamoja na binamu yake mkubwa wa jamii ya Zophobas. Taya anazo, na huyo mkubwa akikubana kidole utasikia. Lakini hebu mfuate katika safari yake. Ulimi wa kinyonga unamfikia kabla hajajua kuna nini. Katika milima ya Usambara yupo kinyonga mdogo, Rhampholeon spinosus, mnyama wa kukaa kwenye kiganja, ambaye mtafiti Christopher Anderson alimpima maabara akachapisha matokeo mwaka 2016: ulimi wake hufyatuka kwa mchapuko unaozidi mara 260 ule wa kitu kinachoanguka chini. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba ute ulio kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga ni mzito kiasi cha mara 400 ya mate ya binadamu. Mdudu hunata. Kisha anavutwa kinywani, anatafunwa na meno yaliyoota juu ya ukingo wa taya, na anachofikia tumboni ni tindikali, giza na kukosa hewa. Huo muda wa kutoboa ukuta wa tumbo haupo.

Hadithi hii huenda inapata nguvu kwa wanaomkuta mnyama wao asubuhi amekufa, ana tundu, na funza wanatambaa kandokando. Funza hao hula mizoga. Kinyonga akifa usiku kwa sababu nyingine, waliobaki kizimbani wataanza kazi kabla hakujapambazuka.

Ubaya wa funza wa mbawakawa uko kwingine: mafuta yake ni mengi, kalsiamu yake ni haba. Mpe mara mojamoja kama kitafunio, na funza wa nta mpe kwa nadra zaidi, maana huyo ni donge la mafuta lenye miguu.

"Nyenje aliyebaki kizimbani usiku humuuma kinyonga."

KWELI, na ajabu ni kwamba wanaoogopa funza hawamwogopi nyenje. Kinyonga akilala hulala kwelikweli: rangi inafifia, macho yamefumba, na haamshwi na mdudu anayemtambaa mgongoni. Nyenje naye ni mla vyote. Akiwa na njaa au kiu, ngozi laini ya kope, ncha za vidole na mkia ni chakula na maji kwa pamoja. Vidonda vya namna hiyo huanza kama vidoa, halafu vinaingiwa na bakteria. Kinyonga anayetafunwa kila usiku hukataa kula mchana, na mwenyewe hudhani amechoka na nyenje, akamwongezea wengine.

Dawa yake haina gharama. Usimwage wadudu kizimbani. Watie kwenye kikombe kirefu chenye kuta laini wasizoweza kupanda, kining'inize usawa wa tawi analopenda kukaa, na jioni kabla taa hazijazimwa kitoe pamoja na waliosalia. Kuna wanaopenda kumwona kinyonga akiwinda, na mimi siwalaumu, kwa kuwa ndiyo raha yenyewe ya kumfuga. Basi waachie wadudu wachache, wahesabu, na mtu asiondoke mpaka hesabu itimie. Ukishindwa kumnasa mmoja aliyejificha kwenye mizizi ya mmea, mwachie kipande cha karoti kule chini. Afadhali atafune karoti.

"Mdudu mkubwa kupita kiasi anaweza kumkaba."

KWELI. Kipimo cha wafugaji ni upana wa kichwa cha kinyonga: mdudu asizidi hapo kwa urefu. Kinyonga mwenyewe hana akili ya vipimo. Ulimi wake unaweza kuvuta windo lenye uzito wa karibu theluthi moja ya mwili wake, na kuweza kuvuta si kuweza kumeza. Panzi aliyekomaa avuliwe miguu ya nyuma kabla ya kutolewa. Ile miiba si mchezo kooni.

"Wadudu wa porini ni bora kuliko wa dukani."

Hapa jibu ni NDIYO na HAPANA, na yote mawili yana uzito.

Ndiyo, kwa sababu ya mchanganyiko. Kinyonga wa kichakani kwa wiki moja anakula nzi, nyuki, viwavi, vipepeo, panzi, buibui, na kila mmoja wa hao alikuwa amekula jani au ua tofauti. Wadudu wa dukani ni aina mbili au tatu, wamelelewa juu ya trei za mayai, na mara nyingi wamefika wakiwa na njaa.

Hapana, kwa sababu hujui panzi wako alikuwa wapi jana. Mwishoni mwa 2019 na katika 2020 nzige wa jangwani waliivamia Kenya, Ethiopia na Somalia, na ndege zikazunguka zikinyunyiza dawa. Mtu aliyewaona nzige wale wakianguka kwa mapakacha angeweza kusema chakula kimejileta. Nzige aliyepigwa dawa haanguki papo hapo kila mara. Anaweza kuruka, kutua shambani kwako na kuonekana mzima. Mambo hayahitaji hata ndege. Bustani ya jirani anayepulizia sukuma wiki zake, ukingo wa barabara, nyasi za uwanja wa gofu, yote hayo si mahali pa kuchumia chakula cha mnyama mdogo kiasi hicho.

Halafu wako wadudu wenye sumu yao wenyewe. Wengi hawajifichi, rangi zao ndizo tangazo. Panzi wa rangirangi anayevamia mihogo, Zonocerus elegans, hukusanya mwilini sumu za mimea anayokula. Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa, Danaus chrysippus, ambaye ukitembea Tanga au Machakos hukosi kumwona, aliishi utoto wake juu ya mimea ya utomvu mweupe na amebeba sumu inayoshambulia moyo. Nzi wa Nairobi, ambaye si nzi bali mbawakawa mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, anakubabua ngozi ukimponda shingoni tu. Fikiria ngozi ya ndani ya kinywa.

Na kimulimuli? Wale wa Amerika wa jamii ya Photinus wana sumu inayofanana na ya chura, na mmoja tu amewahi kutosha kumuua mjusi wa kufugwa wa asili ya Australia aliyelishwa na mwenyewe kwa nia njema. Mijusi wa Amerika, waliokua na vimulimuli hao, wana desturi ya kuwakwepa. Mjusi aliyeletwa kutoka bara jingine hana urithi huo. Kinyonga wa Yemen aliyezaliwa kizimbani Florida naye hana. Kwa hiyo usitegemee kwamba "mnyama anajua kinachomfaa". Anajua kwao, si kwenu.

Ukitaka wa porini, chukua mahali unapopajua mwaka mzima, chukua wa kijani na wa kahawia, waache wote wanaojipamba. Senene wa Kagera na Uganda wanafaa wakiwa hai na taya zao zikichungwa, ila ukionekana Bukoba unampa kinyonga senene katika msimu wake, jiandae kuulizwa kama una akili timamu.

"Mende ni mende, hata wa jikoni anafaa."

SI KWELI. Mende wa jikoni amepita kwenye dawa uliyopulizia mwezi uliopita, chooni kwa jirani na kwenye chambo cha sumu kilicho nyuma ya friji. Wanaofugwa kwa ajili ya vinyonga ni mende wa Amerika ya Kusini, Blaptica dubia, mzito, asiyepanda kuta laini, anayelelewa ndani ya sanduku kwa matunda na nafaka. Ni chakula kizuri, kizuri kuliko nyenje kwa mambo mengi. Kasoro yake ni kujifukia: ukimwachia kizimbani, utamkuta baada ya wiki ndani ya chungu cha mmea akiwa amenenepa.

"Akishiba amepata kila kitu."

SI KWELI, na hapa ndipo pa kukaa.

Karibu wadudu wote wanaouzwa kama chakula wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na kwa nyenje tofauti hiyo ni mara kadhaa. Mwili wa kinyonga unataka kinyume chake: kalsiamu iwe kama mara moja na nusu hadi mbili ya fosforasi. Asipoipata, mwili wake huanza kuichota kutoka kwenye mifupa. Mikono inapinda katikati, penye mfupa mnyoofu, kana kwamba ana kiwiko cha ziada. Taya linalainika. Ulimi unatoka nusu njia na kukosa nguvu, maana misuli nayo inaitegemea kalsiamu hiyohiyo. Kwa mtoto wa binadamu tungesema ana matege. Huu ni miongoni mwa magonjwa yanayowapata mno vinyonga wa kufugwa, na unawapata walaji wazuri, tena watoto wanaokua haraka kabla ya wengine.

Kinga yake ina sehemu tatu, na watu hupenda kuchagua mojawapo. Haichaguliwi.

Ya kwanza ni kumlisha mdudu. Saa 24 hadi 48 kabla ya kumtoa, mshibishe: sukuma wiki, majani ya haradali, boga, viazi vitamu, karoti, papai, chungwa kwa ajili ya maji. Mdudu ni mfuko. Ukiuza mfuko mtupu umeuza ngozi. Nyenje aliyekaa siku tatu dukani bila chakula ana thamani ndogo mno ukilinganisha na yuleyule aliyekesha akila majani ya boga.

Ya pili ni unga wa kalsiamu. Wadudu hutiwa kwenye mfuko au kopo pamoja na unga kidogo, hutikiswa polepole, na kutolewa wakiwa wamepaka vumbi jepesi. Watoe saa hiyohiyo. Nyenje ni msafi kuliko anavyodhaniwa, naye hujipangusa. Baada ya saa chache umebaki na nyenje mweusi na unga umelala chini ya kikombe.

Ya tatu ni mwanga. Bila vitamini D3 kalsiamu hupita tu tumboni ikatoka. Kinyonga huitengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi yake kwa miale ya UVB, kwa hiyo kizimba kinahitaji taa yake maalumu, nayo ibadilishwe kwa wakati, kwa sababu miale hupungua miezi mingi kabla balbu haijaungua. Na hapa kuna kauli ndogo ya kuizika njiani: kwamba jua la dirishani linatosha. SI KWELI. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. Kinyonga aliyekaa dirishani anapata joto na mandhari. Ukiweza, siku ya jua mtoe nje katika kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja; usimtoe katika sanduku la kioo, humo ataiva.

Yupo mdudu mmoja anayeukwepa ubaya huu wa kalsiamu, na wafugaji wa kuku na samaki wa Afrika Mashariki wanamjua vizuri: funza wa nzi chuma. Yeye ana kalsiamu nyingi bila kupakwa chochote. Tatizo ni ngozi yake ngumu. Wengine hupita wazima na kutoka na choo. Mchanganye na wengine, asiwe peke yake.

"Basi unga ukizidi ndiyo vizuri zaidi."

SI KWELI. Kalsiamu tupu, isiyo na D3, ndiyo inayoweza kupakwa kila mlo, tena vumbi tu. Vitamini D3 na vitamini A hazitoki mwilini kirahisi. Zikilundikana huharibu figo na ini, na kalsiamu huanza kujijenga mahali pasipo mifupa. Kwa kinyonga mwenye taa nzuri, wengi huona mara mbili kwa mwezi inatosha kwa mchanganyiko wenye vitamini hizo. Kinyonga wa pembe tatu, wa baridi ya milimani, anataka chini ya hapo, na ukimpa kipimo cha yule wa Yemen utamwona akivimba shingo. Kinyume chake nacho kipo: macho yaliyovimba yasiyofunguka mara nyingi ni upungufu wa vitamini A. Dalili zinakaribiana kiasi kwamba daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa mijusi ndiye wa kuuliza, si kopo.

"Anayekula sana ana afya."

Mtoto, ndiyo, mlishe kila siku. Mzima, SI KWELI. Mzima hulishwa siku moja, siku inayofuata akapumzika, wadudu wachache tu. Jike wa Yemen ndiye wa kuchungwa kuliko wote, maana hutaga hata bila dume, na idadi ya mayai hufuata wingi wa chakula. Jike aliyelishwa kupita kiasi anaweza kubeba mayai 60 au zaidi, yote yakidai kalsiamu kutoka kwenye mwili uleule mmoja. Wafugaji wanaopunguza chakula na joto hupata mayai machache sana kuliko hayo, na jike anayeishi miaka mingi zaidi.

"Kinyonga hali mdudu mfu."

KWELI kwa sehemu kubwa. Kinachomwamsha ni mwendo. Jicho moja likiona kitu kinasogea, la pili linageuka kulifuata, na hapo ndipo ulimi unapoandaliwa. Wako wanaozoea kupokea mdudu asiyetikisika kwenye kibanio, baada ya subira ndefu ya mtu. Wadudu waliokaushwa wa kwenye makopo, achana nao. Hata akiwakubali hawana maji, na kinyonga hupata sehemu ya maji yake kwa mawindo. Yanayobaki huyapata kwa matone kwenye majani. Bakuli la maji yaliyotulia kwa kawaida halioni.

"Hula wadudu peke yao."

Wengi, KWELI. Wa Yemen hutafuna majani pia, kwa hiyo mmea wowote unaoweka kizimbani uwe ule usiojutia akiula.

"Kinyonga ana sumu, ndiyo maana wadudu wanaomgusa si wa kushikwa."

SI KWELI. Hofu hii ni ya kwetu hasa, na imewaua vinyonga wengi kwa mawe. Meno yake hayana sumu, mate yake hayana sumu, na akikubana utapata mchubuko na aibu. Kitu cha kweli kilichojificha nyuma yake ni salmonela, bakteria ambao mijusi wengi huwabeba bila kuugua. Wadudu waliotembea kwenye kinyesi chake hubeba pia, ndiyo maana waliosalia hawarudishwi kwenye sanduku la wenzao. Zaidi ya bakteria, hurudi na mayai ya minyoo, na kesho humezwa tena. Osha mikono kwa sabuni kila baada ya kulisha, watoto wadogo wasimamiwe, na kile kikombe cha kulishia kioshwe nje au kwenye ndoo yake. Kisiguse sinki la jikoni, hata siku ambayo hakuna anayekutazama.